Kiraka Tumboni mwa Boti

Kaka yangu aliileta boti Karatu juu ya tela la trekta, ameifunika turubai kwa sababu hakutaka watu waione ilivyochakaa. Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa za El Niño. Ziwa Eyasi lilijaa mpaka likameza miti ya ukingoni, na samaki wakawa wengi kiasi kwamba watu wa Endabash, wakulima kama kaka, waliacha mashamba wakashuka bondeni kujifunza kutega nyavu. Boti hiyo aliipata kwa mtafiti mmoja wa Kizungu aliyemaliza kazi zake ziwani akarudi kwao. Ilikuwa ya alumini, nyepesi, na tumbo lake lilikuwa limeisha.

Mume wangu alikuwa fundi bodi. Alitoka Kilimanjaro akiwa kijana, akafungua gereji ndogo nyuma ya nyumba yetu, akawa ananyoosha na kuunga bodi za landrova za watalii. Bodi hizo nazo ni za alumini, ndiyo maana kaka hakufikiria fundi mwingine. Mimi nilikuwa nauza samaki sokoni. Nilinunua kwa watu waliowapandisha kutoka bondeni, na mara nyingi samaki walifika wameshalegea. Kaka na mimi tulikuwa tumepanga kwamba boti ikipona nivuke naye hadi kambi ya wavuvi ya ng'ambo, ambako mafuriko yalikuwa yamekata njia, nijichagulie samaki wabichi na kurudi nao siku hiyo hiyo. Mume wangu tulikuwa bado hatujamwambia.

Alizisikia habari hizo mbele ya boti yenyewe. Tuliishusha, tukailaza ubavu, nami nikaingiza kichwa ndani. Jua lilikuwa linapenya. Matundu mengine yalikuwa kama ncha ya sindano, mengine kama punje ya mtama, yote sehemu ya mbele ambako ilikuwa inaburutwa juu ya mawe. Maji ya magadi yalikuwa yameongeza ya kwake. Ukipitisha mkono ulihisi vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Itambeba nani hii?" mume wangu akauliza.

"Mimi na mdogo wangu huyu," kaka akajibu. "Na samaki wake."

Mume wangu aliweka kidole gumba juu ya bati akaminya. Likabonyea. Lakini aliyekuwa mbele yake ni shemeji yake. Alisubiri mpaka tuko jikoni peke yetu.

"Nitaitengeneza kwa kuwa ni ya kaka yako," alisema. "Lakini wewe hutapanda."

"Ukiitengeneza vizuri, kwa nini nisipande?"

Alichukua chai yake akaenda kuinywea nje, na huko nje kulikuwa na baridi ile ya Karatu ya mwezi wa saba ambayo hakuna mtu anayeifuata kwa hiari.

Kesho yake alijaribu kuichomelea kwa gesi. Kaka alikuwa amesimama karibu, mikono mgongoni. Mume wangu alisugua bati mpaka likang'aa, akapaka dawa ya kuungia, akawasha moto, akausogeza taratibu. Alikuwa ameshanieleza zamani kwamba chuma kikikaribia kuyeyuka kinakuwa chekundu, kinakupa nafasi ya kuondoa moto, lakini alumini haibadiliki rangi. Unaitazama, iko vile vile, halafu haipo. Ndivyo ilivyokuwa. Niliona bati likilegea kidogo kama utando wa maziwa, likadondoka, na pale palipokuwa na matundu madogo pakabaki shimo ambalo ngumi ingepita.

Mume wangu akazima gesi. Kaka akanigeukia, akaniambia kwa Kiiraqw, "Amefanya makusudi."

"Usiseme hivyo," nikamjibu kwa lugha hiyo hiyo.

"Hataki uende. Wewe mwenyewe umeniambia."

Mume wangu hakujua Kiiraqw zaidi ya salamu, lakini alikuwa ametutazama wote wawili tulipokuwa tunasema. Alivua miwani ya kuchomelea, akaiweka juu ya mtungi wa gesi, akaanza kukunja mipira yake. Kaka akawasha trekta akaondoka kwenda Endabash bila kuaga. Nilibaki nimesimama karibu na lile shimo, na ukweli ni kwamba hata mimi sikujua. Nilikuwa nimemwona mume wangu akiunga vitu vyembamba kuliko hivyo. Usiku ule tulilala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Asubuhi niliamshwa na mlio wa msumeno. Alikuwa anakata mlango wa landrova iliyokuwa imekufa uani kwetu tangu tuhamie pale. Alikata kipande kikubwa, zaidi ya shimo, kikubwa kiasi cha kufunika sehemu yote ya mbele iliyoliwa. Akakikunja taratibu kwa nyundo ya mbao mpaka kikafuata umbo la boti, akatoboa pembeni matundu ya ribiti, vile vimisumari vifupi vya kuungia bati, akakata kitambaa cha turubai cha kukaa kati ya kiraka na boti, akakilowesha lami. Kisha akaja mlangoni.

"Nahitaji mtu wa ndani," alisema. "Mwenzangu wa gereji ni mnene, haingii katikati ya viti vya boti."

Boti ilikuwa imepinduliwa chini juu, tumbo likitazama mbingu. Nilijifunga kanga kiunoni nikatambaa chini yake. Kazi yangu ilikuwa kupenyeza ribiti kutoka ndani na kugandamiza kichwa chake kwa kipande kizito cha chuma, ili yeye akiigonga ncha kwa nje isambae na kukaza. Kila pigo liliingia kwenye viganja, likapanda mabegani, likajaa kichwani. Mle ndani palikuwa na giza na joto, na lami ilinichuruzikia shingoni. Ningelegeza mkono, ribiti ingekaa upande na maji yangepata njia.

"Imekaa?" aliuliza kila baada ya kugonga.

"Imekaa."

Tulifika kwenye moja ambayo mkono wangu ulikuwa umeteleza. Niliigusa kwa ukucha, nikahisi inacheza kidogo sana. Nilifikiri, kama ana nia mbaya, hapa ndipo nitakapoijua.

"Imekaa?"

"Sijui," nikasema.

Hakuipita. Alichukua tindo akaikata, akaing'oa, akaniambia niweke nyingine. Baada ya hapo aling'oa na mbili za jirani yake, ambazo mimi nilikuwa nimeziona nzima. Ndipo nikajua kwamba shimo la jana lilikuwa ajali.

Nyundo ikasimama. Niliona vidole vya miguu yake kwenye ule mwanya kati ya boti na ardhi, havisogei.

"Mimi sijui kuogelea," sauti yake ikaja kupitia bati. "Nikisimama ufukweni nikawaona mnazama, nitafanya nini? Nitapiga kelele tu kama mtoto."

Nafikiri alichagua kuyasema pale kwa sababu hatukuwa tunaonana. Nikagandamiza chuma mahali pake.

"Gonga," nikamwambia.

Kujaribu boti Karatu hakukuwa rahisi, maana maji yenyewe tulikuwa tunayapata kwa punda. Hatukuwa na mahali ambapo ingeelea, kwa hiyo tuliigeuza, tukaiweka juu ya magogo, tukamimina maji ndani ili tuone yanatokea wapi kwa chini. Jirani yetu alisimama kwenye uzio na ndoo yake tupu akatuuliza kama tumechanganyikiwa. Mume wangu alilala chali chini ya boti, akasubiri. Palipotoa jasho aligonga, akaongeza lami, akalala tena. Kaka alipotumiwa salamu aje kuichukua, alikuta kiraka ni kikavu kama ukuta. Alikizunguka mara nyingi. Alisema asante, basi.

Siku ya kushuka bondeni, mume wangu alikuja nasi hadi ukingoni mwa ziwa. Nilidhani amekuja kutusindikiza. Kaka alipokuwa anavuta kamba ya injini, mume wangu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye boti bila kumtazama mtu. Alikaa juu ya kiraka, miguu huku na huku, macho yake kwenye zile ribiti. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anasali kwa Kichaga.

Kwenda kulikuwa shwari. Nilichagua kambale wakubwa bado wanapumua, na perege, magunia yakajaa. Tulichelewa kuondoka. Upepo wa mchana wa Eyasi ulitukuta katikati, na mawimbi yake ni mafupi, yanakuja karibu karibu, boti haipati nafasi ya kupumzika. Nikahisi maji kwenye vifundo vya miguu.

"Kiraka kimeachia," kaka akapaza sauti juu ya mlio wa injini.

Mume wangu aliingiza mkono chini ya magunia. "Ni kikavu," alisema.

"Na haya yanatoka wapi?"

Mbele palikuwa pameinuka, maji yote yalikuwa nyuma. Mume wangu alitambaa kuelekea huko, akishikilia viti, uso wake umekuwa wa kijivu. Alipapasa chini ya maji mpaka akafika kwenye pembe ambako ukuta unaobeba injini unakutana na sakafu. Kiungo cha zamani, ambacho hakuna aliyekigusa, kilikuwa kimepasuka kwa mtikiso.

"Shemeji, punguza mashine."

"Nikipunguza, mawimbi yatatugeuza."

"Usipopunguza, ukuta huu utang'oka pamoja na injini."

Kaka alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyejua. Nilimwambia kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie, "Msikilize." Akapunguza. Boti ikakaa chini zaidi, wimbi likaruka ukingo likatupiga kifuani. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche kwenye mkoba wangu, ya kuondoa harufu mikononi. Mume wangu aliiona nilipokuwa natafuta kitu cha kuchotea maji, akaninyang'anya. Mafundi huziba tangi la mafuta kwa sabuni. Aliifinyanga akaishindilia kwenye ufa kwa dole gumba, akachana shati lake akaongezea.

Maji yalipungua kuingia, lakini yaliyokwisha kuingia yalikuwa mengi, na ukingo wa boti ulikuwa karibu kulingana na ziwa. Wote watatu tulijua jambo lililobaki. Kaka hangeweza kulisema, kwa kuwa samaki walikuwa wangu. Mume wangu hakulisema pia. Alikuwa amenipa mgongo, ameshikilia ule ufa kwa mikono miwili. Nilishika gunia la kwanza nikalisukuma nje. Halafu la pili. Nilipofika la mwisho nilikuwa nalia, sikumbuki kwa ajili ya samaki au kwa hofu. Boti ikainuka. Nikachukua ndoo iliyokuwa imefunikwa na magunia nikaanza kuchota.

Tulipofika nchi kavu mume wangu alikaa mchangani, mikono yake haikunjuki. Kaka alifunga kamba, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Shemeji, siku ile nilisema vibaya."

"Sikuelewa ulichosema."

"Ulielewa," kaka akasema.

Mume wangu alitikisa kichwa kukubali.

Kile kiungo cha nyuma tulikipiga ribiti pale pale ziwani, mimi ndani, yeye nje. Nilivuka na kaka kwa kipindi chote ambacho ziwa lilikuwa na maji ya kutosha. Mume wangu hakupanda tena, na hakunikataza tena. Alikuwa akija jioni kunichukua na pikapu ya kuazima, na kila mara nilimkuta amekaa ndani ya gari, ameligeuzia ziwa mgongo. Tulikuwa tukipakia magunia, nikapanda mbele, nikafunga mlango.

"Nyuma palivuja?" alikuwa akiuliza.

Mpaka nimjibu hapana, ndipo alipokuwa akiwasha gari.