Ndoo ya Kutembelea

Mkono wangu wa kushoto niliuvunja nikiwa nimekaa. Wenzangu huvunjika wakivuta nyavu au wakikimbizana na ng'ombe. Mimi nilijinyoosha kwenye kochi nifikie rimoti, nikaporomoka, kifundo kikalia kama muhogo mkavu.

Daktari, hapa Musoma, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema niko nyumbani.

"Nyumbani unafanya nini?"

"Niko."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Mtu wa miaka hamsini na tatu havunjiki kwa kuanguka kutoka kwenye kochi, mifupa ikiwa mizima. Yangu imeanza kupungua. "Mfupa unajengwa na kazi, mama. Usipoubebesha kitu unadhani hauhitajiki." Hakutaka nikimbie. Nusu saa ya kutembea kwa kukaza mwendo, na kamlima kidogo, kila siku.

Nikamkumbuka mama yangu kule Bunda. Aliteleza mlangoni, nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo dunia yake ni kitanda na dirisha. Hapo niliogopa kweli.

Plasta ilipotoka nikavaa raba, nikatoka. Kumbe huku kwetu mtu mzima hatembei tu.

"Unaenda wapi, jirani?"

"Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Narudi nyumbani."

"Si ndiko umetoka?"

Siku ya tatu dada yangu akapiga simu kutoka Butiama. "Mdogo wangu, nasikia shemeji kakufukuza, unazunguka mitaani na raba."

"Nafanyisha mifupa mazoezi!"

"Basi bebaga hata ndoo, watu wakuelewe."

Nikabeba ndoo tupu. Hakuna aliyeniuliza tena. Ila mwenye ndoo tupu anayeelekea ziwani hutumwa, na jirani yangu wa nyuma alikuwa na bustani ya mchicha. "Ukirudi, mama, nichotee na mimi, hata nusu." Miezi minane nimepanda kile kilima cha mawe na maji ya mchicha usio wangu, mimi niliyekuwaga namtuma mtu aniletee kikombe kutoka jikoni.

Wiki iliyopita, mlangoni kwa jirani huyo, nikateleza. Mkono uleule ukatangulia. Nikakaa kwenye tope nimefumba macho, nikisubiri mlio, na mlio nikausikia: kra! Nikagusa kifundo. Nikakunja vidole kimoja kimoja. Vizima. Iliyopasuka ni ndoo.

Jirani akatoka mbio. "Jamani, maji ya mchicha wangu!"

"Na mimi je?"

"Wewe si umekaa? Umezoea."

Sijui kama sifa ni za mifupa au za tope, maana lilikuwa laini. Nilipoinuka nikampigia mama, nikamwambia nimeanguka.

"Umeinuka mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Basi kanunue ndoo nyingine."