Bulaimu wa Wamaza na Bei ya Serikali

Katika eneo zima la Kabambare hakuna raia anayeiheshimu serikali kama Bulaimu wa kijiji cha Wamaza, na sijui kama serikali yenyewe ina habari kwamba Bulaimu yupo. Kwenye njia ya kwenda Kasongo palikuwa zamani na kizuizi cha askari. Askari waliondoka, mti wa kizuizi ukaliwa na mchwa, kamba ikachukuliwa na mtu akafungia mbuzi. Bulaimu hadi leo akifika pale hushuka kwenye baiskeli, husalimu hewa, hungoja kidogo, kisha huendelea na safari. Watu wakimcheka, huwauliza:

"Na kama wamerudi leo?"

Mke wake ni Marie-Louise, mwanakwaya wa Kanisa Katoliki. Bulaimu mwenyewe ni Mwislamu wa safu ya mbele msikitini. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba watoto wa kiume watapata majina ya msikitini na wa kike majina ya kanisani, na ndiyo maana binti yao wa mwisho anaitwa Esther-Divine. Binti huyo amefunga Ramadhani, amefunga Kwaresima, na anasema njaa ni ileile.

Msimu wa juzi, mpunga ulipokuwa ndiyo kwanza umepurwa, redio ilisoma tangazo la serikali ya jimbo. Kuanzia siku hiyo mnunuzi yeyote alikatazwa kumlipa mkulima chini ya bei iliyowekwa kwa gunia la mpunga. Bei yenyewe ilikuwa nzuri, karibu mara mbili ya ile ya wafanyabiashara. Wamaza yote ilishangilia. Kesho yake wafanyabiashara walikuja na bei yao ya zamani, na Wamaza yote ikauza.

Nani atawalaumu? Tangazo halikuja na mnunuzi. Halikuja na ghala wala lori, wala barabara ya kupitisha lori. Lilikuja na sauti tamu ya mtangazaji na muziki kidogo mwishoni. Mtoto akiugua, huwezi kwenda zahanati ukamchezea muuguzi muziki huo.

Bulaimu peke yake alikataa kuuza. "Leta imesema," akawaambia majirani. Leta kwetu ndiyo serikali, na Bulaimu analitamka neno hilo kama mtu anayemtaja mjomba wake tajiri.

Tatizo lilikuwa mahali pa kuweka mpunga. Miaka yote alikuwa akiuuza palepale unapopurwa, na kibanda chake cha mazao kilitosha karanga tu. Basi mpunga ukaingia nyumbani. Ulianza kwenye kona ya sebule kwa adabu, kama mgeni. Baada ya siku chache ukachukua viti. Ukachukua meza. Ukaingia chumbani, kitanda kikasimamishwa ukutani, na mume na mke wakaanza kulala juu ya mavuno yao. Kuku wa majirani walikuwa wakiingia asubuhi wamekonda na kutoka jioni wakitembea polepole, vifua mbele, kama wabunge.

"Baba Esther," Marie-Louise alisema, "mgongo yangu inawasha."

"Vumilia, mama. Leta imesema."

"Leta iko na mgongo? Muambie akuje alale hapa usiku moja tu. Kesho utasikia tangazo ingine."

Mnunuzi mkubwa wa mpunga wa Wamaza ni Kamaldine wa Kasongo, mtu mnene, mcheshi, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi. Mpunga wake hubebwa na vijana wa kumba-kumba, wale wanaosukuma baiskeli zenye mizigo iliyowazidi kimo, hadi kwenye machimbo ya dhahabu, ambako wachimbaji hununua chakula kwa bei yoyote. Kwa hiyo Kamaldine hakuwa maskini aliyeshindwa kulipa. Alikuwa tajiri ambaye hakuna aliyemlazimisha.

"Mzee Bulaimu," alisema akiwa amesimama nje, kwa sababu ndani hapakuwa na pa kusimama, "bei yako nimeisikia mu redio. Basi redio inunue."

"Utafungwa, Kamaldine."

"Na nani?"

Bulaimu akatazama njia ya kwenda Kabambare, kwenye makao ya wakubwa, ili amwoneshe huyo nani. Njiani kulikuwa na mbuzi mmoja, naye alikuwa anakojoa.

Hapo ndipo mambo ya moyo yalipoingilia mambo ya mpunga. Kamaldine alikuwa akimtuma mwanawe, Ibrahim, kuja kila mara kuuliza kama Bulaimu amebadili nia. Ibrahim alikuja mara nyingi kuliko alivyotumwa, na kila mtu isipokuwa Bulaimu aliona kwamba hakuwa anauliza juu ya mpunga. Siku moja ujumbe ukafika rasmi: familia ya Kamaldine inataka kuja kutoa mahari ya Esther-Divine.

Marie-Louise akamwita mumewe. Akamwambia kwa sauti ndogo, na Bulaimu anaiogopa sauti hiyo kuliko kelele.

"Wakwe wanakuja. Utawakalisha wapi? Juu ya mupunga, kama panya?"

"Tutaweka viti nje."

"Nje? Mahari ya mutoto yangu ipokelewe nje kama deni ya pombe? Sikia, Baba Esther. Nyumba ikiwa haijatoka mupunga mpaka siku ile, mimi na mutoto tutaenda kwa kaka yangu Kabambare. Mahari italetwa kule. Weye utasikia mu redio."

Mwanamume wa Wamaza anaweza kukosa vingi, lakini baba ambaye mahari ya binti yake imepokelewa kwa shemeji yake hawezi tena kusema neno mbele za watu. Bulaimu hakula siku hiyo. Auze chini ya bei ya serikali, awe mwongo mbele ya kijiji kizima alichokihubiria? Au ashike bei, apoteze heshima ya baba?

Aliyemwokoa, kwa muda, ni dada yake mkubwa, Shangazi Jeanine. Kwetu siku ya mahari mwenye amri ni shangazi wa binti. Baba hukaa kimya kama mgeni, na wakwe huzungumza na shangazi. Jeanine akapeleka sharti Kasongo: mbali na mbuzi na vitambaa, baba wa kijana anunue mpunga wote wa baba wa binti, siku ileile ya mahari, kwa bei ya serikali, gunia kwa gunia.

Kamaldine alikubali kabla hajamaliza kumeza chai yake.

Siku ikafika. Kamaldine akaja na ndugu zake, wote wamevaa vizuri. Kwa kuwa sebule ilikuwa bado imejaa, walisimama mmoja mmoja kwenye nafasi zilizobaki, migongo ukutani. Ndipo Kamaldine akatoa magunia yake. Kila moja lilikuwa limeshonwa kutokana na magunia matatu. Alipolikunjua la kwanza, wageni wawili walitoweka nyuma yake.

"Hii nini?" Shangazi Jeanine akauliza.

"Gunia, shangazi."

"Gunia hii? Hii iko nyumba."

"Tangazo ilisema gunia," Kamaldine alisema akicheka. "Haikusema gunia gani. Miye ni mutu wa sheria, kama mukwe wangu Bulaimu."

Na kweli, halikusema! Watu waliosoma walikaa ofisini, wakapanga bei ya gunia, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuandika gunia lina kilo ngapi. Mizani ya karibu iko Kasongo, na mwenye mizani ni Kamaldine.

Macho yote yakamgeukia Bulaimu. Mtu mwingine angefukuza wakwe. Yeye alifikiri, akasema kwa uchungu:

"Leta imesema gunia. Jazeni."

Wakajaza. Gunia lilikunywa mpunga wa kona nzima na bado likalegea. Ibrahim akaamriwa na baba yake aingie ndani ashindilie kwa miguu. Esther-Divine alichungulia kutoka jikoni akamwona mchumba wake anapanda na kushuka ndani ya gunia, kichwa tu kinaonekana, akarudi ndani haraka na kujifunika kanga mdomoni. Walipolifunga, gunia lilikaa katikati ya sebule kama kiboko aliyelala. Bulaimu aligeuka ukutani.

Sasa, kuna desturi moja ambayo Kamaldine, kwa furaha ya hesabu zake, aliisahau. Siku ya mahari kitu chochote kinachotoka nyumba moja kwenda nyingine hupita mlango mkubwa, mabegani mwa ndugu wa kijana, mbele ya macho ya shangazi. Hakikodiwi mbebaji, na hakiwekwi chini. Kikiwekwa chini, faini ni kuku.

Ndugu sita wa Kamaldine wakaliinua gunia. Wakafika mlangoni. Gunia likafika mlangoni pia, likasimama.

"Geuzeni," Kamaldine akasema.

Wakageuza. Upana ukawa urefu, na tatizo likawa lilelile. Wakasukuma. Udongo ukadondoka juu ya fremu. Ndugu mmoja alibaki nje, mkono wake ndani, akaanza kuomba apewe mkono wake.

"Wekeni chini kidogo tupumue."

"Kuku," akasema Shangazi Jeanine.

Wakainua tena, wakashindwa tena. Kuku. Wakajaribu kwa mgongo, kwa kichwa, kwa kuhesabu kwa Kibangubangu na kwa Kifaransa. Kuku, kuku. Wageni hawakuja na kuku wa kutosha, ikabidi wanunue kwa majirani, na majirani wakaja mbio na wale kuku wao wenye vifua. Bei ya kuku Wamaza ilipanda mchana ule bila tangazo lolote.

"Shangazi," Kamaldine alisema, na sasa hakucheka, "tutoboe ukuta kidogo, nitajenga."

Hata wanawake wa jikoni waliacha kupakua.

"Umekuja kuoa mutoto," Jeanine akasema, "ama kubomoa nyumba ya baba yake?"

"Nisamehe, shangazi. Mulimo, pepo ile mubaya, ulinisukuma."

"Basi punguza."

Wakafungua mdomo wa gunia, wakamwaga sakafuni. Wakajaribu, likakwama. Wakamwaga tena. Mpaka lilipopita mlangoni, lilikuwa limebaki gunia la kawaida, kama yale ambayo babu yake Bulaimu alikuwa akibeba begani.

Shangazi Jeanine akapiga kofi mara moja.

"Sasa tumejua gunia ni nini. Ni ile yenye kupita mu mulango. Lipeni moja, mujaze ya pili."

Kamaldine alilipa. Alilipa kwa bei ya serikali, gunia kwa gunia, mpaka viti vikaonekana, mpaka meza ikaonekana, mpaka Marie-Louise akapita akafagia na kuwaambia wakwe, kwa heshima zote, "Karibuni muketi." Bulaimu aliketi kwenye kiti chake akiwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha, na mahari ya binti yake ikapokelewa mbele yake, ndani ya nyumba yake.

Habari zilienea. Msimu uliofuata wakulima wa Wamaza walianza kuwaalika wanunuzi wajazie magunia ndani ya nyumba, na wengine wakatia matofali pande zote mbili za mlango ili uwe mwembamba zaidi. Mzee Mahamudu alizidisha, akajifungia nje siku mbili. Ni ujinga, ndiyo. Lakini nitamcheka Mahamudu siku wakubwa watakapotuletea mizani moja ya umma na kuiweka sokoni. Mpaka siku hiyo, naiheshimu milango yake.

Mpunga uliomwagwa sakafuni haukudaiwa na mtu. Kamaldine alikuwa na haraka ya kuondoka na aibu ya kuuliza. Wanawake waliuzoa, wakautwanga, na siku ya harusi wali ulitosha Wamaza nzima, Waislamu na Wakristo, na kumba-kumba waliokuwa wanapita tu. Kamaldine alikula sahani ya pili, akalamba vidole.

"Mukwe, muchele hii iko tamu. Uliinunua wapi?"

"Sikuinunua," Bulaimu akasema. "Iko ile ulimwaga."

Kamaldine akaacha kutafuna. Akatazama sahani yake, akatazama watu wote wa Wamaza wakila kwa mikono miwili. Kisha akamnyooshea Marie-Louise sahani.

"Niongezee basi, mama. Nile hata kidogo ya yangu."