Mshipa Uliopita Kando ya Ini

Kwa miaka ishirini na saba Tokie Hamasuna alipima watu kwa ultrasaundi katika hospitali moja ya Tottori, na hakuwahi kuandika kwamba kitu hakipo wakati ni yeye tu ambaye hakukiona. Kwa polepole yake, wenzake walimwita Bi. Konokono. Hakujali.

Saa nne asubuhi aliletewa Suzuna, mtoto wa siku kumi na mbili. Damu aliyotolewa kisiginoni ili ipimwe ilikutwa na sukari ya maziwa kupita kiasi. Huenda kulikuwa na mshipa ulioumbika kombo, unaopitisha damu kando ya ini bila kusafishwa. Usipogunduliwa mapema, sumu hupanda hadi kwenye ubongo.

Tokie akapitisha kifaa tumboni. Vivuli vya hewa tu.

"Amenyonya lini?"

"Alfajiri," alisema Chihaya, mama wa mtoto.

Bibi wa mtoto, Sumie, akainamisha kichwa. "Nisameheni. Nimempa chupa sasa hivi hapo nje. Watu wote kimya, yeye analia. Nikaona tunawasumbua."

"Mama jamani! Si tuliambiwa asile kwa saa tatu?"

"Ulitaka nimzibe mdomo? Yule mzee wa mbele kashageuka mara mbili!"

Daktari kijana, Iwakoshi, akachungulia. "Bi. Hamasuna, ini si zima? Andika hakuna tatizo. Nje wako kumi na mmoja."

"Ini zima, Dokta. Mshipa sijauona."

"Basi haupo."

"Hewa aliyomeza na maziwa imeuficha. Warudi saa saba, nitampima wakati wangu wa chakula."

"Na akilia?" Sumie aliuliza.

"Alie, mama. Hapa ni hospitali."

Suzuna akalia kweli. Sumie aliwaomba radhi watu wote ukumbini, mmoja mmoja, mpaka yule mzee akasema, "Dada, hebu kaa. Unanichosha kuliko huyo mtoto."

Saa saba picha ilikuwa safi. Damu ilifika mlangoni mwa ini, ikachepuka.

"Umeuona?" Chihaya alinong'ona.

Kazi ya kueleza ilikuwa ya daktari, na Tokie hakuwa mtu wa kuvuka mpaka wake. Wala hakutaka kumdanganya mama kwa tabasamu. "Namwita Dokta," alisema, akamshika bega.

Iwakoshi alitazama kioo kwa muda mrefu, masikio yakimwiva kwa aibu. Kisha akaketi karibu na Chihaya.

"Upo," alisema. "Mingine hujifunga yenyewe kabla ya mwaka. Usipojifunga, tutaufunga sisi. Nilitaka kuwarudisha nyumbani, mama. Nilikosea."