Chuma Chini ya Bega

Kazi yangu kijijini Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilikuwa ukalimani wa zahanati. Mganga alipowapima wajawazito kwa mashine ya picha, mimi ndiye niliyewaeleza wanawake wenzangu wa Kivu Kusini kilichoonekana kwenye kioo. Wengi waliniuliza kama picha ile ingepelekwa kwa wanaoandikisha wakimbizi. Niliwajibu hapana, ingawa mwenyewe sikuwa na hakika.

Kwa hiyo nilipoalikwa Mbarara, kwenye mkutano wa siku moja wa wataalamu wa picha za hospitali, nilijiuliza wananitakia nini. Nilitakiwa kuzungumza dakika kumi, alasiri, kuhusu hofu za akina mama. Mlangoni nilipewa karatasi ya kutia sahihi. Niliisoma mbele na nyuma, watu wakisubiri. Kisha nikaketi karibu na mlango. Pembeni yangu alikaa mwanajeshi wa Uganda mwenye sare, mtu mzima, mhudumu katika zahanati ya kambi yao ya jeshi. Niliuvuta mkoba wangu karibu na miguu.

Kikao cha kwanza kilihusu mapafu, cha pili mimba. Katika cha tatu daktari mmoja alionyesha eksirei za majeraha ya vita. Ya nne niliitambua. Chini ya mfupa wa bega palikuwa na kipande cha chuma, umbo lake kama harage. Mimi ninacho kama hicho tangu siku tulipokimbia kijiji chetu. Eksirei yangu nilipigwa Mbarara, na nakala yake nimeiinua dirishani mara nyingi kuliko ninavyojitazama kwenye kioo. Watu ukumbini waliandika, wakasonga mbele.

Wakati wa chai nilimfuata daktari.

“Ile picha ya ine ni yangu,” nikamwambia. “Muliipata wapi?”

Hakukasirika. Alifungua kompyuta yake, akaniuliza chuma changu kiko bega gani. La kushoto, nikasema, nikagusa upande wa kushoto wa picha. Akanieleza kwamba picha ya kifua husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama anakutazama. Kushoto kwa picha ni kulia kwa mwenye mwili. Akanionyesha na herufi ndogo pembeni, alama ya upande. Kumbe miaka yote ile nyumbani nilikuwa nikiigeuza yangu nyuma mbele.

Niliona haya, nikataka kuondoka. Ndipo yule mwanajeshi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake, akasema taratibu, “Hii ni ya mimi, daktari. Bega ya kulia. Niliiona siku ile ya eksirei.”

Daktari alijitetea kwamba majina yote yalikuwa yamefutwa.

“Jina mulifuta,” nikasema, “lakini mwenyewe hamukumuuliza.”

Daktari akamwomba mwanajeshi ruhusa ya kuionyesha tena picha kwa kundi la alasiri. Yule akaitazama kwa muda mrefu.

“Toa,” akasema.

Daktari akaifuta mbele yetu. Akafuta na zile tatu nyingine, kwa kuwa wenyewe hakuwajua.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa na karatasi niliyoandikiwa na zahanati, iliyosema kwamba akina mama huogopa mashine kwa kukosa elimu. Sikuisoma. Niliwaambia kwamba akina mama wanauliza picha inakwenda wapi, na kwamba siku hiyo na mimi nilikuwa nimeuliza. Wachache walitazama simu zao. Muuguzi mmoja wa mbele aliniomba nirudie, akaandika.

Jioni nilisubiri gari la zahanati nje ya ukumbi. Mwanajeshi alikuja akasimama hatua chache kutoka kwangu, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia. Nami nikamuuliza chuma chake alikipatia wapi.

“Kongo,” akasema.

Sikumuuliza mwaka gani wala alipigana upande gani. Yeye aliniuliza nani alinipiga, nikamjibu kwamba tulikuwa tunakimbia na sikugeuka kutazama. Aliitikia kwa kichwa. Tulibaki hivyo, kila mmoja akimpima mwenzake kwa jicho la pembeni, mpaka gari langu lilipofika.