Tulivyompoteza Mdoli Msambweni

Mdoli, ndiyo. Wewe Salimu cheka tu na wenzako hapo barazani, useme mimi dereva wa ambulensi na daktari wangu Bi Mwanakombo tulikwenda Msambweni kuchezea mdoli. Yule mgonjwa wa Bodo alivimba koo, mpira wa kupitishia hewa ukakataa kuingia, akatufia. Tangu siku ile nyinyi ndio mnaosema Bi Mwanakombo hajui kazi. Basi tulikwenda kujifunzia juu ya huyo mdoli. Akifiwa na mgonjwa mwingine, nani atamwamini tena?

Asubuhi tukatoka Shimoni. Mpaka njia panda ya Kanana Bi Mwanakombo anafungua mkoba tu, anafunga. Pale Ramisi nikamuuliza, "Umekula lakini?"

"Nitakula nikirudi na uso wangu."

Msambweni tulimkuta mwalimu, kijana wa bara, mpole. Mdoli amelazwa kitandani, koo limetengenezwa kama lililovimba, na kando yake mashine inalia ti, ti. Hewa ikipungua mwilini, mlio unashuka, unakuwa mzito. Bi Mwanakombo akatia mpira, ukakwama. Akatia tena. Mimi nimeshika mfuko wa kupulizia hewa, naisikia mashine inazama, nimenyamaza. Mara ya tatu, mashine ikaonyesha moyo wa mdoli umesimama. Tukakandamiza kifua, wapi.

"Nani aliusikia mlio ukishuka?" mwalimu akauliza.

Nikasema mimi.

"Mbona hukumwambia?"

"Huyu ni mkubwa wangu. Nimwaibishe mbele za watu?" Nilishapandwa na hasira, kidogo nimrukie huyo mwalimu.

"Na mgonjwa ni nani wako?"

 Bi Mwanakombo ameinama, anaufuta ule mpira.

Baada ya chakula, ambacho hakukigusa, tukarudia. Mpira ukakwama mara mbili, mlio ukaanza kuzama. 

"Bi Mwanakombo, toa. Hewa kwanza."

Akageuka kunitazama, nikajua nimeshaharibu. Akatoa. Akabana barakoa ya hewa usoni mwa mdoli kwa mikono miwili, nikaminya mfuko, kifua kikainuka.

Wakati wa kurudi, tumeshaipita Ramisi, ndipo aliposema, "Sauti hiyo ulikuwa umeificha wapi, mwanangu? Kesho uje nayo kazini."

Sasa simu ya kituo ikilia, najua kunyamaza sina ruhusa tena. Haya, wewe mwenye mdomo: mamako amelala pale, midomo imegeuka rangi, na anayekosea ni mtu unayemwamkia shikamoo. Utamwambia atoe, ama utanyamaza?