Sauti ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa dalali wa ng'ombe katika soko la Kajiado, na mdomo ndio uliomlisha. Akianza kumsifia fahali, hata watu walio ng'ambo ya zizi waligeuka kusikiliza. Soko likiisha, alikuja Kitengela akapita dukani kwangu kuchukua pakiti yake ya sigara. Ni mimi niliyekuwa namuuzia. Nalisema hili mapema, kwa sababu wanaonihurumia huwa hawalijui.

Sauti ilianza kukwaruza wakati wa kiangazi. "Ni vumbi la soko," akasema. Mvua zikaja, vumbi likatulia, sauti haikurudi. Nikamsihi aende hospitali.

"Nitaenda, dada. Nipe sigara kwanza."

Nikampa.

Siku moja alikohoa mbele ya kaunta, akajipangusa mdomo kwa shuka aliyojitanda, na sote wawili tukaona damu. Kesho yake nilifunga duka nikampeleka.

Daktari, mwanamke mpole, alimuuliza alianza kuvuta lini.

"Nikiwa darasa la saba. Tulikuwa tunajificha nyuma ya choo cha shule." Alitaka tucheke. Daktari hakucheka.

Majibu yalipotoka, alituambia ni saratani ya koo, na kwamba ni moshi wa miaka hiyo yote uliomfikisha hapo. Angekuja mapema, pengine sauti ingeokolewa. Sasa ilibidi kikoromeo kitolewe.

Alipona, namshukuru Mungu. Anapumulia tundu lililo shingoni.

Tulipomrudisha nyumbani, mama alikuwa ameketi kitandani. Macho yake yameingia ukungu, na sisi watoto hutujua kwa sauti.

"Ni nani huyo ameingia?" akauliza.

Kaka alisimama mlangoni. Niliona midomo yake ikisema "Yeyo", kama tulivyomwita mama tangu utotoni, lakini kilichosikika ni pumzi tu. Mama akauliza tena, safari hii kwa woga.

"Ni yeye, Yeyo," nikasema. Akaushika mkono wa mwanawe, akaupapasa muda mrefu.

Kaka alijaribu kurudi sokoni mara mbili. Alikuwa akiandika maneno yake kwenye daftari, lakini kabla hajamaliza mstari wenzake walikuwa wameshauza. Siku hizi hatoki. Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza, kwa kuwa naogopa atakachoandika.

Sigara niliziondoa dukani. Wateja wengine wamenuna, wakahamia duka la ng'ambo ya barabara. Juzi fundi mmoja wa mabomba aliomba moja tu, huku akikohoa. Nikamweleza habari za kaka, zote, mpaka ile siku ya mama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, mama," akasema. Kisha akavuka barabara kwenda kununua kule.

Akirudi kwangu kwa mkate, nitamweleza tena.