Neno Nililomnyima Karisa

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila nimwonapo kijana akijisifu kwa jambo analolijua peke yake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi Mwakirunge kwa wazazi wangu, wakati ule kukiwa bado ni minazi na mikorosho, na nilikuwa na pikipiki. Usicheke. Leo pikipiki zimejaa mpaka sisi wazee tunakosa pa kupita, lakini enzi zile kuwa nayo kijijini kulikuwa jambo la kuhadithiwa.

Na yangu haikuwa ya kubebea mizigo. Ilikuwa ya Kiingereza, ya mbio, yenye silinda moja kubwa, tangi la kung'aa na sauti nzito iliyosikika kabla hujaiona. Niliachiwa na Mwingereza niliyemfanyia kazi ya bustani Bamburi, alipokuwa akirudi kwao. Aliniachia ikiwa imekufa. Aliyeifufua ni Mzee Athumani, fundi wa Changamwe, mtu wa maneno machache. Siku ya kunikabidhi alinionya kwamba mashine ile haipigwi kiki kwa pupa. Kwenye usukani, upande wa kushoto, palikuwa na kishikio kidogo cha chuma cha kuchelewesha cheche. Kabla ya kupiga kiki sharti ukirudishe nyuma. Ukisahau, moto huwaka mapema, na kiki hurudi juu kwa nguvu za kuvunja mguu. Alinifundisha pale pale mpaka nikaweza.

Elimu ile nikaigeuza uganga. Kila nilipoiwasha mbele ya watu nilikifunika kishikio kwa kiganja, nikanong'ona kidogo kana kwamba nasema nayo, ndipo nikapiga kiki. Watu wakasema pikipiki ile ina mwenyewe, haimtii mwingine. Sikuwakanusha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Mgema wa kweli nyumbani kwetu alikuwa mdogo wangu, Karisa. Ndiye aliyepanda minazi ya baba asubuhi na jioni, na tembo lake ndilo lililotulisha. Vibarua vyangu mimi viliishia kwenye petroli. Pikipiki ikishawaka nilimwachia aendeshe mara moja moja. Kuiwasha ndiko nilikomnyima. Aliponiomba nimfundishe nilimwambia haitamkubali. Aliniamini, Mungu anisamehe, kwa sababu mimi ni kaka yake.

Kisha nikaugua homa. Siku ya tatu, mchana, sikuweza hata kuinua kichwa. Mama alikuwa akinikanda maji na kuomba kwa sauti. Hospitali ilikuwa mbali na gari hakuna. Nikamsikia Karisa akimwambia mama kwamba ataijaribu pikipiki, imkubali isimkubali, anipakie anipeleke.

Hapa ndipo pagumu, mwanangu. Nilimsikia. Ningekuwa nimezirai ningejisamehe, lakini akili zangu zilikuwa timamu. Kiki ya kwanza haikuwasha. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kumwita na kumweleza habari ya kishikio. Nikawaza kwamba atachoka aiache, aende barabarani kutafuta gari, na siri yangu ibaki yangu. Nikafumba macho. Kiki ya pili ikarudi. Nikausikia mfupa, kisha nikamsikia yeye.

Lori la mawe kutoka machimboni lilitubeba sote wawili, mimi na homa yangu, yeye na mguu wake. Mimi nilirudi nyumbani baada ya siku nne. Yeye alilazwa wiki nyingi, na mfupa ulipounga uliunga vibaya. Karisa hakupanda mnazi tena maisha yake yote.

Mzee Athumani alipopata habari, Karisa akiwa amesharudi nyumbani, alikuja kutoka Changamwe. Nilimwamkia, akaitika, akakaa akiutazama mguu wa Karisa. Kisha akaniita nje.

"Nilikuonya, sikukuonya?"

"Ulinionya, Mzee."

"Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyesikia ni wewe, na aliyevunjika ni mwenzio ambaye hakuambiwa. Wallahi, mimi si ndugu yako wala si wa dini yako, na sikukuficha kitu. Wewe umemficha wa tumbo moja. Nenda kamfundishe, hata kama hatapiga kiki tena."

Alikataa hata chai, akaenda zake.

Kesho yake Karisa alijikongoja kwa magongo mpaka kwenye pikipiki, nami nimemshika kiuno. Nikamwonyesha kishikio: kirudishe hivi, kisha ndipo upige. Kumfundisha kulichukua muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha maji. Akakisogeza kwa kidole kimoja, akakirudisha, akanitazama.

"Ni hilo tu, kaka?"

Nikamwambia ni hilo tu. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilimsikia, nikanyamaza. Nilisema nikilia kama mtoto. Akaniomba nimsaidie kurudi ndani, maana jua lilikuwa kali.

Tulimzika mwaka jana. Alichechemea mpaka mwisho, na hakunitupia neno baya hata siku moja. Laiti angenitukana, labda ningelala vizuri zaidi.

Basi shika nasaha yangu. Ukilijua jambo linaloweza kumkinga mwenzio, mwambie mapema, na hasa pale unapoona kulisema kutakupunguzia sifa. Usingoje aombe mara mbili. Sifa ya kujua peke yako haidumu, na wanaoilipia ni wale wanaokupenda, kwa kuwa hao ndio watakaokimbilia kukuokoa bila kujua hatari iliyo mbele yao. Mdogo wako akikuuliza kitu leo, weka hiyo simu chini umwonyeshe. Ukishamwonyesha, mwache ajaribu mbele yako.

Mungu akupe ujuzi, na kinywa kisicho na choyo. Akupe ndugu wa kukupenda, na asijeruhiwe hata mmoja wao kwa kimya chako. Amina.